Maji ya Mikono

Majivu yaliyokuwa yakipelekwa mlimani asubuhi ile yalikuwa majivu ya jiko, na Pirihira ndiye aliyeyatia mwenyewe. Jioni ya jana yake, wifi yake alipoingia bafuni, alifungua kopo walilokabidhiwa kule walikomchoma mumewe. Akammimina Colin polepole ndani ya sanduku la mbao ambalo marehemu alikuwa akiwekea nta ya skii zake za kutelezea thelujini, alilolifuta vizuri na kulitandika kitambaa safi. Kisha akaenda kwenye jiko la kuni la sebuleni, akachota majivu, akayachekecha ili msumari au kipande cha mkaa kisije kikamuumbua, akajaza kopo, akafunga. Sanduku akaliweka kabatini chini ya mablanketi.

"Kaa hapa, mzee wangu," alimnong'oneza. "Kesho watakwenda kumwaga moshi wa kuni. Wewe huendi popote."

Msimhukumu upesi. Colin alikuwa Mzungu, mtoto wa wafuga kondoo wa kisiwa cha kusini, aliyekuja mlimani angali kijana akafanya kazi ya doria ya theluji mpaka moyo wake uliposimama mwezi wa nne. Alipokuwa hai hakuisha kusema, "Nikifa nichomeni, mkanimwage juu kule." Wazungu wa nchi ile wana desturi hiyo, mtu humwagwa pale alipopapenda. Kwa watu wa Pirihira, wenyeji wa asili wa nchi ile, mlima ule ni babu. Wanauita Koro, ndiyo babu hiyo, na wakiuita hivyo hawatanii. Kilele chake ni kichwa chake. Nani mwenye akili zake anayemwaga maiti juu ya kichwa cha babu yake? Tena maji yatokayo huko huteremka mpaka mashambani, ng'ombe wakayanywa na watoto wakaogelea.

Yeye alitaka Colin alale ardhini, katika makaburi ya ukoo wao kule Raetihi, kando ya baba yake mzazi. Lakini Noeline, dada wa Colin, alipiga simu kutoka Christchurch huku analia, akisema kaka ameacha usia na usia wa maiti hauvunjwi. Pirihira, aliyejulikana mji mzima kwa kumwambia kila mtu ukweli wake usoni, alishindwa kumwambia ukweli mtu wa mbali aliyefiwa. Akasema, "Sawa, wifi." Maneno hayo mawili yalimkaa kooni tangu siku hiyo, na ndiyo yaliyomfikisha kwenye jiko na chekecheke.

Asubuhi jikoni alifungasha chakula kapuni: mkate, mayai ya kuchemsha, nyama baridi ya kondoo, keki, na chupa mbili kubwa za chai.

"Hee, wifi!" Noeline alisema, ameshavaa suruali yake nyekundu ya theluji. Alikuwa mwanamke mrefu, mstaafu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja. "Tunakwenda kutwa, hatuhami."

"Mlimani watu hula."

"Wanakula, hawalishi jeshi."

Ripeka, binti wa pekee wa Pirihira na Colin, alikuwa akifunga mkoba mlangoni. Alikuwa msichana wa miaka ishirini aliyefundishwa kuteleza na baba yake kabla hajajua kusoma. Aliinua kichwa.

"Mama, na maji ya mikono?"

"Maji gani?"

"Ya kunawa. Tukishammwaga baba."

Pirihira alishtuka. Katika watu wao, anayetoka kwa maiti hali, hashiki mtu, mpaka maji yapite mikononi mwake. Mtoto wa miaka mitano anajua hivyo. Yeye, aliyewapitishia wengine maji hayo kwenye lango la makaburi maisha yake yote, hakuyakumbuka kabisa, kwa sababu hakuna anayebeba maji ya kunawia majivu ya jiko.

"Mlima mzima ni maji, mwanangu," alisema. "Vijito vimejaa."

Ripeka alimtazama kwa muda. Kisha akachukua chupa rafuni, akaijaza bombani, akaitia mkobani kando ya kopo. Pirihira aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Alijua mtoto wake atanawa kwa heshima zote, midomo ikitetemeka, kwa ajili ya kuni za msonobari. Wakati wenzake wanapakia skii, alirudi chumbani mara moja, akafungua kabati, akalipapasa sanduku chini ya mablanketi. "Narudi jioni," akaliambia.

Garini Noeline aliomba amshike kaka yake kidogo. Akalitoa kopo mkobani, akalipakata.

"Umepungua, Colin," alisema, akacheka, kicheko kikageuka kilio. Ripeka alimpapasa bega. Pirihira alikazia macho barabara.

Koro alijitokeza walipopita mashamba ya karoti. Hapakuwa na wingu hata moja, naye amekaa peke yake, mweupe kuanzia mabegani, na mvuke unapanda wima kutoka kichwani. Mvuke si ajabu. Kuna ziwa juu kule, ndani ya shimo lake, na likipata joto hutoa mvuke, likipoa huacha. Watu wa chini wameishi na habari hiyo tangu enzi na enzi. Ila leo ulikuwa mzito, wa kijivu upande wa chini, na haukupeperuka ingawa upepo ulikuwepo.

Barabara ya juu ilikuwa na barafu, wakasimama kufunga minyororo kwenye magurudumu. Ripeka alilala chini ya gari.

"Shangazi, vuta huo upande. Vuta! Umeshika mnyororo au umeshika mkono wa bwana harusi?"

"Bwana harusi ningemvuta kwa nguvu zaidi," Noeline alijibu, akavuta. Halafu akakunja pua. "Jamani, nani kajamba?"

Harufu ilikuwa imeshuka barabarani, ya kiberiti na yai bovu.

"Ni Babu huyo," Ripeka alisema kutoka chini ya gari, na wote wawili wakacheka.

Pirihira hakucheka. "Msimtanie," alisema. "Siku ya leo msimtanie."

Chini ya uwanja wa kuteleza, penye lifti ya viti vya kamba, palikuwa na watu kama kawaida ya siku nzuri: watoto wenye kofia za mistari, wazazi wenye mikono iliyojaa skii, foleni ya pai za nyama na chipsi, muziki kwenye spika. Spika hizo hizo ndizo za king'ora. Koro akilitikisa ziwa lake, maji hushuka yakichanganyika na theluji na mawe, yakawa tope linalokimbia mabondeni kushinda gari. Kila anayepanda kule anajua la kufanya: ukisikia king'ora, toka bondeni, panda ukingo ulio karibu. Usishuke. Tope linakimbia kukushinda.

Bevan aliwangojea penye kibanda cha doria. Alikuwa amefanya kazi na Colin miaka yote, na ndevu zake zimeota weupe pamoja na za Colin. Aligusanisha pua na Pirihira, salamu ya watu wake, akakaa hapo muda, macho yamefumbwa.

"Shemeji," alisema. "Nina habari mbaya. Juu ya lifti ya mwisho tumefunga kamba. Ziwa limepata moto, na wataalamu wamesema mtu asisogee."

Moyo wa Pirihira uliruka kwa furaha mpaka akaogopa itaonekana usoni. "Basi, wifi," alisema haraka, "tusimtie Bevan matatani. Hapa chini panatosha. Pale kando ya miti."

"Hapa?" Noeline aligeuka akaitazama foleni ya chipsi. "Kaka yangu nimwage hapa, watu wamkanyage wakitafuta choo?" Akamgeukia Bevan. "Nimesafiri na magoti haya mabovu. Alitaka mgongo ule wa juu, Bevan. Wewe alikwambia, sikwambii mimi."

Bevan aliangalia viatu vyake. Alikuwa askari mzuri wa doria. Kwa mgeni yeyote angetikisa kichwa mpaka jioni. Lakini watu wa mlima wana kasoro moja, na Colin mwenyewe alikuwa nayo: kamba waliifunga kwa ajili ya wageni. Wao kwa wao waliinua wakapita, kwa heshima ya urafiki, na aliyekataa kumwinulia mwenzake alionekana hana utu.

"Mtu mwingine nisingemfungulia," alisema hatimaye. "Kwa Colin, sawa. Mtavuka korongo, mpande mgongoni, mmalize, mrudi. Mimi nitakuwa kwenye kibanda cha juu ukingoni, nawaona. Korongoni msisimame hata kufunga kiatu. Umenisikia, Ripeka?"

"Nimekusikia, anko."

"Shemeji, wewe hupandi?"

"Sijawahi kukanyaga juu kule," Pirihira alisema. "Wala bibi yangu hakukanyaga."

Bevan alijua. Alimpa redio ya mkononi, na nyingine akampa Ripeka. "Basi utawaombea kwa hii. Wakifika watakuita, utasoma dua yenu, wao wammwage."

Pirihira aliipokea redio kwa vidole vilivyokufa ganzi. Hilo hakulifikiria. Sasa angewaita wazee wake waliolala, mmoja mmoja kwa jina, mbele ya Koro mwenyewe, waje kupokea majivu ya jikoni. Uongo mmoja humzaa wa pili, na wa pili kila mara ni mkubwa kuliko mamaye.

Penye lifti Ripeka aligeuka. Noeline alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kamba akimpungia mkono.

"Mama," Ripeka alisema, macho yake hayabanduki, "kuna neno unataka kuniambia kabla sijapanda?"

Lilikuwepo. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Bevan alikuwa pale, na vijana wa lifti, na Noeline amevaa suruali nyekundu akitabasamu kwa machozi.

"Hapana. Nendeni salama."

Ripeka aliitikia kwa kichwa taratibu, akakaa kando ya shangazi yake, kiti kikawainua, na Bevan akafuata kwenye kiti cha nyuma.

Pirihira hakuingia mkahawani. Alikwenda na kapu lake la chakula kusimama kwenye daraja dogo la watembea kwa miguu, chini yake kinapita kijito kitokacho korongoni. Alitaka kusikia maji, atulie. Maji yalikuwa meupe, ya rangi ya chai yenye maziwa mengi. Akajisemea labda ni theluji inayoyeyuka. Hakuna theluji inayoyeyuka mwezi wa saba, katikati ya baridi. Aliendelea kuyatazama, yakawa ya kijivu. Barafu iliyokuwa imeshika mawe kandokando ilianza kumeguka vipande vipande ikachukuliwa.

Alishuka ukingoni, akavua glavu, akatia kidole. Yalikuwa vuguvugu.

Bibi yake, aliyemlea, alikuwa na msemo: Koro akitema moto, mtu haulizi kwa nini, anaondoka. Pirihira alipanda akamkimbilia binti wa tiketi.

"Kijito kimepata joto. Wapigie walio juu."

"Mama, mashine zipo huko, zinapima," binti alisema kwa upole. "Zingekuwa zimeshalia."

"Katie kidole!"

Binti aliinua simu, lakini kwa mwendo wa mtu anayemridhisha mzee. Pirihira hakungoja. Alibonyeza redio.

"Ripeka! Mko wapi?"

Redio ilikwaruza. "Tunaingia korongoni, mama. Shangazi anahema, lakini yuko sawa. Mgongo tunauona."

"Geukeni. Maji ya huku yamekuwa ya moto. Geukeni sasa hivi."

Kukawa na minong'ono, kisha sauti ya Noeline, kubwa kupita kiasi, maana alikuwa ameikaribia sana redio. "Wifi, usitutie hofu. Pamebaki padogo tu. Tukimaliza tunashuka mbio."

"Hakuna kumaliza, Noeline! Koro anakohoa!"

"Siwezi kumrudisha kaka yangu nyumbani ndani ya begi. Nimekuja kumpumzisha. Hunielewi? Sitageuka naye."

Pirihira alielewa vizuri sana. Mwanamke yule asingegeuka na Colin bado yumo mkobani, na Ripeka asingemwacha shangazi yake. Kilichobaki ni kimoja tu cha kuwageuza, na kilikuwa lazima kipite hewani, kila redio ya mlima ikisikia: doria, vijana wa lifti, jikoni, Bevan. Mficha maradhi kifo humuumbua. Alijiona anavuliwa nguo mbele ya mji mzima, na bado akabonyeza.

"Noeline, humo hamna Colin. Hayo ni majivu ya jiko langu. Nilibadilisha jana, ulipokuwa unaoga. Colin yuko nyumbani kabatini. Sikutaka mummwage kichwani kwa Koro, na sikuwa na moyo wa kukwambia. Nisamehe. Geukeni, hakuna cha kumwaga."

Kijana wa lifti aligeuka akamtazama, redio yake mwenyewe mkononi. Binti wa tiketi akaacha kuongea kwenye simu. Muziki tu ndio uliendelea.

"Umesema nini?" Noeline aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

Halafu Ripeka, naye alikuwa analia. "Mama. Yumo."

"Nani yumo?"

"Baba yumo. Nilikuona jana, nikiwa mlangoni. Ulipolala nikamrudisha. Kabatini kuna majivu ya jiko." Alivuta pumzi. "Nilikuuliza maji. Nikakuuliza kwenye lifti. Nilitaka useme mwenyewe, mama. Ulikuwa na asubuhi nzima."

Pirihira alilikumbuka sanduku chini ya mablanketi, na mkono wake juu ya kifuniko, na maneno aliyoliambia. Alikuwa ameaga kuni. Mumewe alikuwa nje wakati huo, mgongoni kwa mtoto, akisubiri gari liondoke.

Na hapo ndipo alipokosea, kuliko lile la jiko, kuliko yote. Lililotakiwa kusemwa lilikuwa neno moja, pandeni. Lakini mawazo yake yalikuwa yamekwenda kwa Colin, hayakuwa kwa walio hai, akauliza, "Una hakika? Uliyarudisha yote? Hukuchanganya?"

"Sikuchanganya."

"Nipe huo mkoba." Hiyo ilikuwa sauti ya Noeline, mbali kidogo na redio. "Nipe, Ripeka. Mama yako ananiambia hivi, wewe unaniambia vile. Nitaangalia kwa macho yangu. Sitaki tena kuambiwa na mtu ndugu yangu yuko wapi."

"Shangazi, si hapa. Tutoke kwanza korongoni."

"Nipe!"

Zipu ilisikika. Ripeka alikuwa bado amekibana kitufe bila kujua, na mlima mzima ukasikia kopo likifunguliwa. Kisha ikasikika sauti ya Bevan, si kwa redio bali kwa mdomo wake mwenyewe, ikipazwa kutoka ukingoni mpaka ikaingia ndani ya redio ya msichana: "Tokeni humo! Mnafanya nini humo? Tokeni!"

"Pandeni!" Pirihira alipiga ukelele. "Ripeka, panda!" Lakini kitufe cha Ripeka kilikuwa kimebanwa, na redio iliyobanwa haisikii.

Muziki ulikatika. King'ora kikaanza.

Wenyeji walishika mikono ya wageni, wageni wakashika watoto, wote wakaanza kupanda ukingo wa karibu, skii zimetupwa ovyo. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wakitazama juu. Mvuke ulikuwa umetoweka, na mahali pake palisimama kitu cheusi, kinapanda kwa haraka, kinafunguka, na mngurumo ukafuata baadaye kidogo, wa chini, ulioingia kwa miguu kabla ya masikio. Pirihira alibaki penye daraja na redio mdomoni mpaka kijana wa lifti alipomkamata kiuno akamkokota.

"Mama, utakufa hapo!"

"Mwanangu yuko ndani!"

"Panda, mama! Panda!"

Walikuwa wamefika penye mawe tope lilipopita. Lilikuwa jeusi, zito, limejaa vipande vya barafu, na halikusimama kwa chochote. Lilichukua daraja. Lilichukua uzio na nguzo mbili na kibanda cha bomba la maji, likapita kati yao na maegesho ya magari, likateremka kuelekea mito ya chini, mashambani, nyumbani. Harufu yake ilichoma macho. Upande wa pili mkahawa ulikuwa umesimama, lakini hakuna mtu angeufikia.

Halafu vumbi likaanza kunyesha. Lilikuwa jeusi na laini, likatua kwenye theluji, kwenye kofia za watoto, kwenye mikono ya Pirihira. Redio ilikuwa kimya. Aliita jina la mtoto wake mpaka sauti ikakauka. Baadaye aliacha kumwita mtoto akamwita babu, kwa lugha yao, hakujali anayesikia. "Koro, mimi ndiye niliyekudanganya. Yeye hakukudanganya. Yeye alikuja na maji. Nichukue mimi." Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na aliona aibu kwamba hata sasa, katika dua yenyewe, alikuwa akijadiliana.

Redio ikakwaruza.

"Mama."

Alikaa chini kwenye theluji nyeusi. 

"Niko ukingoni. Anko Bevan amenivuta." Ripeka alizungumza taratibu, neno moja moja. "Shangazi alipiga magoti. Alitia mkono ndani. Akasema ni yeye, Ripeka, ni yeye, gusa, kuna chembe za mfupa. Alifurahi, mama. Akanishika mkono kwa huo mkono wake, niguse. Halafu akawa anakifunga kifuniko vizuri, kisimwagike. Nilimvuta. Nilimwambia aache. Alikuwa anakifunga kifuniko." Redio ikakwaruza tena. "Nilikuwa nimeshika mkanda wa mkoba. Mkanda ndio uliobaki."

Bevan alimshusha Ripeka kwa njia ya ukingoni, mbali na korongo, na ilikuwa alasiri walipofika mahali watu walipokusanyika. Uso wa Bevan ulikuwa wa mtu aliyezeeka njiani. Hakumtazama Pirihira. Ripeka alikuwa mbele yake, hana kofia, nywele zimejaa vumbi la mlima. Wanawake wawili wasiomjua walimwendea na blanketi, wamemfungulia mikono, naye akarudi nyuma.

"Msiniguse," alisema. "Sijanawa."

Hawakuelewa. Pirihira alielewa. Alisimama, akatazama mikono ya mwanawe. Majivu ya baba yalikuwa yamemshika mpaka kwenye kifundo, ya kijivu kilichofifia, tofauti kabisa na vumbi jeusi la Koro. Mkono wa kulia ulikuwa na alama za vidole vya Noeline, vyote vitano.

Pirihira aligeuka huku na huku. Kijito kilikuwa tope. Bomba la maji lilikuwa limekwenda na kibanda chake. Theluji ilikuwa nyeusi mpaka macho yanapoishia, na alipoifukua kwa kisigino, chini yake nako vumbi lilikuwa limeshapenya na unyevu. Mtu mmoja, aliyeona kuna kinachotafutwa, alimnyooshea chupa ya soda, lakini soda si maji. Kapu lake la chakula lilikuwa mabegani mwa kijana wa lifti, sijui kwa nini alilibeba katika mbio zile. Pirihira alilipekua. Mkate ulikuwepo, mayai yalikuwepo, nyama, keki, chupa mbili za chai. Na ile chupa nyingine, aliyoijaza mtoto mwenyewe asubuhi, ilikuwa imekwenda ndani ya mkoba, kando ya kopo, pamoja na shangazi.

"Mama," Ripeka alisema. Alikuwa ameinyoosha mikono yote miwili mbele yake, kama alivyofundishwa langoni pa makaburi tangu akiwa mtoto. "Maji."

Pirihira alisimama mbele ya mtoto wake na hakuwa nayo.